Dua Haikutaja Jumatatu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimejifunika blanketi chumbani mchana wa jua kali, sufuria la majani ya mwarobaini likifuka miguuni pangu, na shuka nimeliuma kwa meno ili nisikohoe. Sebuleni wazee wa msikiti walikuwa wanakula pilau ya dua yangu. Wamekuja kuniombea nipasuliwe salama, na mimi nimejificha ili wasijue kwamba naumwa.

Cheka tu, hata mimi leo nacheka. Ila asubuhi hii nimekusikia ukipenga kamasi bafuni huku umefungulia maji tusisikie. Begi lako la hospitali liko mlangoni tangu jana, Jumatano ndiyo siku yako ya kutolewa vijiwe vya nyongo, na sasa mafua yamekuingia. Mbinu ya kuficha kikohozi naijua tangu hujazaliwa, tena niliifanya kwa ufundi kuliko wewe. Kaa hapa nikusimulie.

Nilikuwa fundi seremala Mbagala, kijana wa miaka ishirini na sita, kifua mbele na maneno mengi. Ubao wa mninga ambao wenzangu waliubeba wawili, mimi niliubeba peke yangu ili watu wanione. Wakaniona kweli. Nami nikapata ngiri, uvimbe hapa kinenani, nikikohoa unachomoza, nikilala unarudi ndani. Mwaka mzima niliuficha, maana mwanamume kusema ana ngiri pale kijiweni ilikuwa ni kujitafutia jina la kudumu.

Wakati huo nilikuwa nimemchumbia mama yako. Babu yako wa Kunduchi, mtu asiyezungusha maneno, alipopata habari akaniita akaniambia harusi itafungwa nikishatibiwa, kabla ya hapo hapana. Na kitanda cha harusi nilikuwa nimeshakichonga kwa mikono yangu. Kiliegemea ukuta wa karakana nami siwezi hata kukisogeza kufagia chini yake. Kila asubuhi nilikitazama na roho ikiniuma.

Ngiri yangu haikuwa ya dharura, kwa hiyo hospitali waliniandika kwenye daftari nikasubiri zamu. Nilisubiri miezi. Mwisho nikapangiwa nilazwe Jumapili, nipasuliwe Jumatatu. Mtaa mzima ukajua. Unajua kwetu mtu akienda kupasuliwa anaagwa kama anayekwenda Makka. Majirani walikuja mmoja mmoja kunishika mkono, shangazi akaja kutoka Rufiji na mkeka wake, mama akapika masufuria mawili ya pilau.

Alhamisi koo likaanza kuwasha. Ijumaa nikaamka na homa na kikohozi cha kifuani.

Sikufichi, niliogopa sana. Niliogopa kulazwa usingizi wa dawa na kifua kile nisiamke tena. Lakini niliogopa zaidi kurudishwa nyumbani. Nikajikaza kisabuni. Nikachemsha mwarobaini, nikachanganya na mchaichai na majani ya mkaratusi, nikajifukiza asubuhi na jioni hadi ngozi ya uso ikawa nyekundu. Halafu nikapanga ujinga wangu mkubwa: vidonge viwili vya kushusha homa nitaviweka mfukoni, nivimeze kabla nesi hajanipima joto. Niliona nimepata akili kweli.

Siku ya dua nilikaa katikati ya wazee nimebana pumzi. Walipoitikia amina ya mwisho nikasingizia kizunguzungu nikakimbilia chumbani. Hapo ndipo Mzee Kondo aliponifuata. Huyu ndiye aliyekuwa akiongoza dua zote za mtaa wetu, mtu mfupi, mpole, lakini akikuuliza kitu hukwepi. Alifungua mlango akanikuta ndani ya blanketi.

"Shikamoo, Mzee," nikasema kwa sauti iliyokauka.

"Marahaba. Hilo sufuria la nini?"

"Chai tu, Mzee. Ya mchaichai."

Akainama, akanusa. "Chai ya mwarobaini. Na sukari umeshatia?"

Nikataka kujibu, kikohozi kikanitoka, kile nilichokizuia tangu asubuhi, na uvimbe ukachomoza nikaushika kwa mkono huku machozi yananitoka. Mzee akasubiri mpaka kikaisha. Akaketi kitandani kwangu.

"Hospitali umewaambia?"

"Nitawaambiaje, Mzee? Watu wameshaniaga. Mmesoma dua, pilau imeliwa, shangazi katoka Rufiji. Nikirudi kesho na ngiri yangu uso wangu nitauweka wapi?"

"Hamisi, sie tulipoinua mikono pale tulikuombea nini?"

"Nipone."

"Kuna mtu umemsikia kataja Jumatatu?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi. Mungu hatumpangiagi siku. Nani kakwambia dua ikikaa wiki tatu inachacha? Kinachochacha ni pilau, nayo tushaila." Akanyoosha kiganja. "Lete hivyo vidonge."

Sijui alivijuaje. Labda aliona mkono wangu unavyokwenda mfukoni kila mara. Nikampa, na nilivyompa nikalia kama mtoto, kwa aibu na kwa nafuu pia, maana tangu Alhamisi nilikuwa nimebeba hofu ile peke yangu.

Jumapili alinisindikiza mwenyewe. Nesi alipouliza kama nina tatizo lolote, nikamwangalia Mzee Kondo, nikasema yote, hata habari za vidonge. Akaitwa daktari wa usingizi, akanisikiliza kifua mbele na nyuma, akanipima joto. Hakunigombeza hata kidogo. Alinieleza kwamba kifua kikiwa vile, pumzi inaweza kuleta shida mtu akiwa usingizini, na kwamba ngiri iliyoshonwa haitaki kikohozi, kila ukikohoa unavuta nyuzi. Akanipa dawa na tarehe nyingine.

"Umefanya la maana kusema," akaniambia. "Wengi tunakuja kugundua wakiwa tayari mezani."

Kurudi mtaani ndiko kulikokuwa na kazi. Pale kijiweni waliniona kwa mbali na kifurushi changu. Mmoja akapaza sauti, "Vipi Hamisi, kisu kimekukataa?" Nilijisikia uso unawaka. Halafu nikakumbuka pilau na kuchacha, kicheko kikanitoka.

"Leo nimerudi na kikohozi," nikawajibu. "Nikienda tena narudi bila ngiri. Nyie endeleeni kuhesabu magari."

Wakacheka, na mambo yakaishia hapo. Aibu niliyoiogopa siku tatu haikumaliza hata dakika tatu, mwanangu. Shangazi naye alitandika mkeka wake akasema yeye hana haraka.

Nilirudi hospitali kifua kikiwa kimya. Nikapasuliwa, nikaamka, kitu cha kwanza nikavuta pumzi ndefu na hakuna kilichokwaruza. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaitikia. Nikafuata masharti yote, sikunyanyua kitu kizito miezi mingapi sijui, mpaka daktari aliponiruhusu kwa kinywa chake.

Siku ya kuhamisha kitanda cha harusi nilikamata upande mmoja mwenyewe. Safari hii nilikubali kubeba na wenzangu, akili ilikuwa imeniingia. Tukakiinua, tukatoka nacho karakanani, tukakipitisha mbele ya kijiwe kile kile, wanawake wakipiga vigelegele, na mimi nikitembea wima bila kujishika popote. Sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile. Mzee Kondo alikuwa amesimama mlangoni kwetu. Akakigonga kitanda kwa fimbo yake, akaniangalia.

"Umeiona dua yetu? Hii ndiyo ile ile ya Jumamosi. Haikuchacha."

Ni kitanda hicho hicho ulicholazwa siku ulipoletwa nyumbani ukiwa na siku mbili.

Basi nisikilize. Ukiwa na siku ya kupasuliwa na mwili ukabadilika, iwe mafua, iwe homa, iwe kuharisha, waambie hospitali mapema na usijitibu kwa siri. Pengine watakuambia uje vivyo hivyo, pengine watasogeza siku, hiyo ni kazi yao na wameisomea. Kazi yako ni kusema kweli. Na wasiwasi usiubebe peke yako bafuni, ulete hapa sebuleni tuubebe wote. Waliokuaga walikuaga ili urudi mzima, hakuna atakayekuuliza kwa nini umechelewa.

Mungu akupe afya, akulaze kwa amani na akuamshe kwa amani, akujalie kucheka na wajukuu zako kuhusu hayo maji ya bafuni. Haya, sema amina. Na simu ile pale mezani, wapigie hospitali sasa hivi nikiwa nimekaa hapa hapa.