Samaki wa Dubu

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mlishaji wa dubu katika bustani ya wanyama, na ukimsikiliza ungedhani yeye ndiye aliyemzaa mnyama huyo. Alivaa viatu vya mpira hadi kwenye harusi za watu ili aulizwe kazi yake. Akiulizwa, alivuta kiti, akalaza kitambi juu ya mapaja, akaanza. Mtu mzima ovyo. Mimi nilikuwa nikikatisha tiketi kwenye geti la bustani hiyohiyo, kwa hiyo sikuwa na pa kumkimbia, kazini wala nyumbani.

Aliyoyasema yalikuwa kweli, maana aliyakariri kutoka kwa daktari wa wanyama. Dubu hulala pangoni kipindi chote cha baridi bila kula, akiishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Ndiyo maana kabla ya baridi hula kama aliyesikia chakula kinakwisha duniani. Jike ana la ziada: hupandwa mapema, lakini mimba husubiri. Baridi ikimkuta hana mafuta ya kutosha, mimba hupotea.

Mwaka ule jike wetu alikuwa amepandwa, na wakubwa walishatamka kwamba asipozaa safari hii atahamishwa. Daktari akamwita shemeji.

"Samaki wenye mafuta, na karanga, kila siku mpaka alale. Usimpunguzie."

"Daktari, huyu ni kama binti yangu," akajibu, mkono kifuani.

Wamempa fisi bucha alinde. Kila jioni alirudi nyumbani na mfuko umevimba samaki.

"Kuna rafiki yangu mvuvi," alimwambia dada. "Mtu mkarimu sana."

Sikuwahi kumwona rafiki wa kumpa mtu yule hata njiti ya kiberiti. Dada alikaanga, shemeji akachagua vipande vya tumboni vinavyochuruzika mafuta, watoto wakaachiwa mikia.

Siku ya kumpima dubu, daktari alimkuta shemeji anammwagia mnyama maji kwa mpira.

"Namwogesha, asipande mizani na matope," alisema.

Mizani ikasoma vizuri. Daktari akafurahi, hata mgongo wa mnyama hakuugusa. Nilimdharau na yeye, ingawa kidogo. Dubu akaingia kulala.

Katikati ya baridi, akatoka. Nilisikia kelele nikaacha geti langu. Alisimama bandani, ngozi imemlegea kama koti la kurithi. Daktari alishachungulia pangoni: hamkuwa na mtoto. Kwenye karai walikuwa wamemwekea chakula cha haraka. Hapo shemeji akatokea na mfuko wake begani, anatafuna.

Dubu aliinua pua. Akalipita karai, akaja mpaka kwenye nondo alipokuwa shemeji, akaanza kuivuta hewa ya ule mfuko. Shemeji akasogea kushoto, dubu naye. Akasogea kulia, dubu naye. Alikuwa akilamba nondo. Nilitaka kulia, na nilitaka kumzaba mtu kofi.

Daktari aliuchukua mfuko, akaugeuza ndani nje. Mishono yote ilikuwa imejaa magamba ya samaki.

"Ulikuwa unamlisha nini?"

"Si uliiona mizani mwenyewe?"

"Niliona uzito. Sikuona mafuta. Ulimlisha nini?"

Njia ya mwongo ni fupi. Alimlisha kabichi, na mikate mikavu aliyoiloweka ili ijaze tumbo, na kabla ya mizani akayajaza maji yale manyoya mazito. Maji nayo yana uzito. Alipomaliza kuyasema hayo alitutazama kwa macho makavu.

"Mtoto ni majaliwa," alisema.

Walimfukuza. Baridi ilipokwisha, lori likaja kumchukua dubu. Shemeji alikuja kusimama getini, akapunga leso, akawaambia wapita njia kwamba aliyemo humo ni binti yake.

Dada nilishamweleza yote. Alinisikiliza huku akiitazama mikono yake iliyowakaanga samaki wale. Siku ile ya lori alimwandalia mumewe meza mapema: kabichi, na mkate mkavu uliolowekwa maji.

"Hiki nini?" akauliza.

"Kula, baba watoto. Mizani itasoma vizuri."

Aliitazama sahani, akanitazama mimi. Kisha akala, na alipofika katikati akaomba chumvi.