Kamba ya Kichwani

Nilikosa mimi. Si mchawi, si jirani, wala si shetani, ambaye kwetu kanisani anabebeshwa kila kitu. Mimi, mama yake.

Sisi wa milimani huku juu ya mji wa Bwera tunabeba mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Mama yangu alibeba hivyo mpaka kamba ikamchimbia alama isiyofutika, na mimi nilijivunia alama ile. Kwa hiyo binti yangu Masika alipofika miaka tisa nikamsukia kamba yake ya mgomba. Kila siku ya soko tulishuka pamoja, yeye na mihogo yake, mimi na yangu.

Akaanza kusema kichwa kinamuuma. Nikamwambia hata mimi kiliniuma, kwani nimekufa? Akilia nilimpa kidonge changu cha maumivu, kizima, cha mtu mkubwa, kisha namvisha kamba. Akinyamaza nasema amezoea. Ole wangu!

Halafu akaacha kulalamika. Nilifurahi, jamani, nilifurahi! Kumbe alikuwa na homa siku tatu na hakunieleza, maana kwangu kusema maumivu ni kupewa kidonge na mzigo. Siku ya nne akaanguka njiani, mwili mzima unatetemeka, macho yamegeuka juu.

Zahanati walimtibu malaria. Alipopata nguvu, muuguzi akamuuliza kama kichwa kiliwahi kumuuma kabla ya homa, na wapi. Masika hakuniangalia. Alipitisha kidole kwenye paji, kutoka sikio hadi sikio.

"Hapa," akasema. "Penye kamba inapitaka."

Muuguzi hakunigombeza. Alisema tu kwamba kidonge cha mkubwa kinaweza kumdhuru mtoto, na kwamba maumivu yanayorudirudi hutafutiwa chanzo, hayafunikwi. Afadhali angenigombeza.

Kamba niliikata kwa panga, mbele ya mama mkwe. Akasema namharibu mtoto, hataolewa na mtu wa huku.

"Basi asiolewe, mama," nikamjibu. "Kichwa iko yake."

Sokoni wananicheka, eti nalea malkia. Wacheke mpaka wachoke! Mihogo nabeba mwenyewe, mizunguko miwili, na kesho nitabeba tena.

Ila kuna kitu ambacho panga halikukata. Kila asubuhi namuuliza Masika kama kuna mahali panamuuma, na kila asubuhi anajibu upesi, "Hapana, mama," hata siku ambayo uso wake unasema vingine. Nitamuuliza mpaka aniamini, hata ikichukua miaka.

Na wewe unayesoma, usijifanye hunijui. Hata wewe una kamba yako ya kumvisha mtoto, iko nyuma ya mlango. Mtoto akikuambia panamuuma, mshukuru, kisha mpeleke akaangaliwe. Wangu haniambii tena.