Mashine Iliyozimika Kila Nikiipa Mgongo

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu, maana karibu kila mtu nitakayemtaja hapa nilimlaumu kabla ya kufika kwa mwenye kosa.

Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya maabara katika chuo kimoja huko Njoro. Mizani ikikataa kutulia, friji ya sampuli ikianza kuvuja maji, ninaitwa mimi. Nimefungua vitu vya watu kwa miaka kumi na minne na kuvifunga vikiwa vizima. Kwa hiyo mke wangu aliponiambia kwamba kazi yake mpya inataka mtandao wenye ulinzi, nilimkataza kutafuta fundi. Fundi ameketi mbele yako anakunywa chai, nilimwambia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ukalimani wa simu. Hospitali za Ulaya zikipata mgonjwa anayejua Kiswahili peke yake, zinampigia mkalimani, naye anakaa katikati ya daktari na mgonjwa bila kuonekana. Kabla ya hapo mke wangu alikuwa amefanya kazi Nairobi miaka mitatu. Alikuwa akifika nyumbani kwetu Lanet Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili baada ya chakula cha mchana. Binti yetu alikuwa ameanza kumwita "mgeni wetu". Tulikuwa tukicheka wote, lakini mimi neno hilo lilikuwa likinichoma. Sasa mke wangu alikuwa amepewa wiki sita za majaribio, afanye kazi kutoka nyumbani. Masharti yalikuwa mawili. Mtandao wa kazi utengwe na wa nyumba, maana maneno ya wagonjwa hayafai kupita mlango mmoja na katuni za mtoto. Na simu isikatike. Ikikatika mara tatu kwa tatizo la upande wake, majaribio yameisha na anarudi Nairobi.

Nikaanza kujenga ruta yangu mwenyewe. Ilikuwa ni kuchukua kompyuta ya kawaida, kuiwekea programu ya ulinzi inayopatikana bure, kisha kuisimamisha kati ya waya wa mtandao unaotoka nje na vyombo vyote vya ndani. Inahitaji matundu mawili ya waya angalau, moja la kupokea na jingine la kugawa. Kwanza nilichukua kompyuta ya zamani ya mezani iliyokuwa stoo, nikaiongezea kadi ya mtandao. Ilifanya kazi, ila feni yake ilinguruma sebuleni mpaka mama yangu akauliza kama nimefungua posho mill ya kusaga mahindi.

Mama alikuwa amehamia kwetu kutoka shamba la Njoro baada ya baba kufariki. Alikuja na masanduku mawili. Moja lilikuwa la nguo zake na lingine lilijaa vitambaa alivyoshona kwa kroshia, kazi ya maisha yake yote. Wiki haikuisha kabla viti, meza, redio, televisheni na friji yetu havijavalishwa. Mimi nilizaliwa chini ya vitambaa hivyo, kwa hiyo hata sikuona kwamba nyumba imebadilika.

Kwa sababu ya ile kelele, nilienda Nakuru mjini kwa muuzaji mmoja wa kompyuta zilizotumika, ghorofa ya pili, mahali pamejaa masanduku na nyaya hadi mlangoni. Nilishika mashine saba au nane. Hii ina tundu moja, ile inakula umeme, nyingine ina memori ndogo. Muuzaji alivumilia hadi akachoka.

"Boss, mchagua jembe si mkulima," aliniambia. "Chukua hii. Ports nne, haina fan, haina kelele. Hutajua hata kama iko kwa nyumba."

Ilikuwa kisanduku cha chuma, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisa, na mgongo wenye mifereji kama bati. Hiyo mifereji ndiyo inayotoa joto nje badala ya feni. Nilijua hilo vizuri. Nilimweleza hata muuzaji mwenyewe, aliyekuwa akilijua kuliko mimi, na nilimweleza kwa urefu.

Niliiweka juu ya kabati ndogo sebuleni, waya wa mtandao unapoingilia. Mama alikuja kuitazama, akauliza ni ya nini. Nilimwambia ni askari wa geti. Kila anayeingia na anayetoka kwenye mtandao lazima apite mbele yake, na yeye ndiye anayejua nani aende chumba cha kazi na nani aende kwa katuni.

"Askari gani hana kofia?" mama akauliza, tukacheka.

Siku tatu za kwanza za majaribio zilipita vizuri. Siku ya nne, saa nane mchana, mke wangu alinipigia simu nikiwa maabara. Alikuwa na mwanamke mmoja kwenye laini aliyekuwa akiulizwa kama mtoto wake amekula chochote kabla ya upasuaji. Mwanamke alikuwa ameanza kujibu, mtandao ukakatika.

"Alikuwa ananiambia kitu, Baba Watoto," mke wangu alisema. "Sijui sasa nani atamwambia daktari."

Nilirudi nyumbani mbio. Nilikuta mashine imezima kabisa, taa zote giza. Niliondoa kilichokuwa juu yake, nikafungua kifuniko, nikaangalia memori, nikavuta na kurudisha kila waya, nikaiwasha. Ikawaka bila taabu. Niliketi nayo mpaka jioni na haikutetereka. Nikaamua kwamba kosa ni la stima, nikawasema watu wa umeme maneno ambayo mama aliniomba nisiyarudie mbele ya mtoto. Kesho yake nilinunua betri ya akiba.

Ilizima tena Jumatatu. Bahati njema hakukuwa na simu. Nikabadilisha adapta. Ikazima Jumatano. Nikabadilisha memori. Kila nilipofika nyumbani nilikuta mambo yaleyale. Mashine imekufa, naifungua, naigusa hapa na pale, inafufuka, na nikikaa mbele yake inafanya kazi kwa adabu zote. Nikiipa mgongo, saa chache baadaye simu yangu inalia. Nilianza kuichukia kama mtu. Mke wangu alipendekeza kwa upole tumwite mtu mwingine aitazame, nami nikamjibu vibaya. Nilimwambia aendelee na ukalimani wake, vyuma aniachie. Usiku ule aliongea na binti yetu tu.

Mara ya pili simu kukatika na mtu akiwa kwenye laini ilikuwa wiki ya tatu. Msimamizi wake alimwandikia barua fupi yenye heshima, akimkumbusha kwamba imebaki moja. Mke wangu alikunja nguo zake chache akaziweka ndani ya begi la Nairobi, kisha akazitoa tena akazirudisha kabatini. Nilimwona kupitia mlango na nikajifanya sikuona. Niliogopa kweli. Nilikuwa nimemwambia fundi ni mimi.

Kwangu hofu haichukui muda kugeuka hasira. Jumamosi nilibeba mashine hadi mjini nikamwekea muuzaji mezani mbele ya wateja wake.

"Umeniuzia maiti," nilimwambia.

"Boss, pole pole. Wacha tuione."

Aliiwasha, akaiacha juu ya meza, akahudumia watu wengine. Saa tatu nzima ilikaa pale ikifanya kazi. Akaipapasa mgongo kwa kiganja.

"Iko fiti. Hata haijachemka. Labda huko kwako kuna kitu," akasema.

"Kwangu hakuna kitu," nilimjibu, na nikaondoka bila kumuaga.

Mke wangu ndiye aliyenipa wazo, na alilitoa kama vile linatoka kwangu. Alisema nilikuwa nimewahi kumwambia kwamba ile programu inaonyesha joto la mashine. Je, badala ya kuangalia baada ya kuzima, singeweza kuangalia wakati bado iko hai? Nikachukua ruhusa Alhamisi, nikaketi sebuleni tangu asubuhi, ukurasa wa joto umefunguka kwenye simu yangu. Yeye alikuwa chumbani na kazi yake. Nyuzi arobaini na tisa. Hamsini. Arobaini na tisa. Saa nne, saa tano, joto halikupanda.

Saa sita na nusu mama aliingia na vitambaa vilivyotoka kufuliwa, kwa kuwa kina mama wa ushirika wa kanisa walikuwa wanakuja saa nane. Alivalisha viti. Alivalisha televisheni. Alinisogeza mkono, nikainua kikombe changu ili atandike meza. Kisha akaenda kwenye kabati ndogo na kuifunika ile mashine kwa kitambaa cheupe chenye ukingo wa kijani, akanyoosha pembe zake nne, akarudi nyuma kidogo kukitazama.

"Asante, Mama," nilisema, nikarudi kwenye simu yangu.

Hamsini na sita. Niliangalia dirisha, nikafikiri ni jua. Sitini na tatu. Nikavuta pazia. Sabini na moja. Niliinuka nikanyoosha mkono niipapase mgongo kama yule muuzaji, na ili niipapase ilinibidi kwanza niondoe kitambaa.

Nilisimama hapo nimekishika. Kilikuwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi. Nikakumbuka kila siku niliyofika nyumbani mbio na jambo la kwanza nililofanya, kabla ya bisibisi, kabla ya kitu chochote. Nilikuwa nikiliondoa tatizo kwa mkono wangu, naliweka kando juu ya kiti, kisha naanza kulitafuta. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha kwangu kilikuwa na ukingo wa kijani.

Mama alikuwa bado mlangoni. "Kwani kimechafuka?" aliuliza.

Nilikuwa na maneno tayari. Najijua. Lakini nilikitazama kile kitambaa na nikaona kwamba kilikuwa kimeshonwa kwa kipimo cha ile mashine kabisa, si kikubwa wala kidogo. Kilikuwa na nafasi nyuma ya kupitisha nyaya.

"Hiki ulikishona lini, Mama?"

"Wiki ile umeileta. Nilipima na uzi ukiwa kazini. Nimeona vile umeihangaikia, nikasema isikae tu hivyo kama kitu haina mwenyewe."

Nikakaa chini. Nikamweleza polepole kwamba mashine hii haina feni, kwamba inapumua kwa mgongo, na ikifunikwa inazidiwa na joto mpaka inajizima yenyewe isiungue. Sikumwambia lolote kuhusu simu zilizokatika. Lakini mama si mtoto. Alitazama mlango wa chumba ambamo sauti ya mke wangu ilikuwa inasikika ikimuuliza mtu maumivu yalianza lini. Akakaa nami kwenye kochi.

"Kwa hivyo ni mimi nilikuwa namrudisha Nairobi," alisema.

"Ni mimi, Mama. Mimi ndiye fundi."

Jumamosi hiyo nilipanda ngazi hadi ghorofa ya pili na kumwomba muuzaji msamaha, mbele ya wateja wengine, maana nilimtukana mbele ya wateja. Aliposikia habari ya kitambaa alicheka hadi akashika ukuta.

"Boss, usijali. Hata mathe wangu amefunika microwave. Tunatoa ndio tupashe chakula, tukimaliza anarudisha."

Baada ya hapo mashine haikuzima tena. Kilichobaki ni siku, nazo zilienda taratibu. Siku ya mwisho ya majaribio ikaangukia Alhamisi ya ushirika, na nilikuwa nimechukua ruhusa tena, si kwa sababu kulikuwa na kazi ya kufanya bali kwa sababu nisingeweza kufanya nyingine. Kina mama walifika wanane. Viti vyote vimevaa, meza imevaa, redio imevaa. Mmoja wao, mwenyekiti wao, mwanamke anayeona kila kitu katika nyumba ya mwenzake, alitazama kabati ndogo.

"Na hii mmeiacha uchi?" aliuliza, akaanza kuvua mtandio wake wa begani aisitiri.

Mama alimshika mkono kabla haujafika. Nakumbuka aliushika kwa nguvu kuliko inavyofaa kwa mgeni.

"Hiyo iache hivyo," alisema. "Hiyo ndiyo inashikilia mke wa kijana wangu hapa nyumbani."

Akahamisha kiti chake akakaa kando ya kabati. Hapo alibaki mpaka maombi ya kufunga, na alipofumba macho kuomba aliacha kiganja kimoja kikining'inia mbele ya ile mashine.

Barua ilikuja Jumatatu. Mke wangu aliisoma amesimama jikoni, kisha akaisoma tena kwa sauti, akitafsiri kwa Kiswahili sentensi moja moja kwa ajili ya mama, kama afanyavyo kazini. Amepita. Ataendelea kutoka nyumbani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo harudi?" aliniuliza mimi, kana kwamba tafsiri haikutosha.

"Harudi, Mama."

Nililia kidogo, na sioni aibu kusema. Binti yetu alitaka kujua kama sasa anaweza kumwita mama yake mama, na mama yake akamfukuza kuizunguka meza.

Jioni ile mama alitoa kile kitambaa cheupe chenye ukingo wa kijani, akakata fundo, akaanza kukifumua. Nilimwambia asiharibu, ni kazi nzuri. Aliendelea kuvuta uzi na kuuzungusha kwenye kidole mpaka ukawa donge. Kisha akaniagiza nimletee sindano yake ya kroshia, akaingia chumbani kwa mke wangu na kupima kwa uzi mgongo wa kiti anachokalia akifanya kazi.