Kiti cha Kusukumwa Ubavuni

Mzee Nyundo alikuwa fundi wa vyuma, na mkewe, jamani, alikuwa chiriku. Mama huyo alikuwa na maneno ya kuanzia jikoni mpaka getini, na akikosa mtu wa kumwambia, alimwambia paka. Mzee mwenyewe hakuwa msemaji. Miaka yote ya ndoa yao aliketi mezani mkabala na mkewe, macho ameyakaza mdomoni kwake, anacheka panapochekesha. Hakuhitaji redio.

Kisha mkewe akapooza miguu. Wakapata kiti cha magurudumu, na kila jioni Nyundo akawa anamsukuma mpaka dukani na kurudi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Njia nzima kimya. Mzee yuko nyuma, anatazama kisogo cha mkewe na fundo la kitambaa chake, hasikii hata neno. Mwanzoni alijipa moyo kwamba mama ana uchungu wa miguu yake, atazoea. Miezi ikapita. Sasa hata mezani alijibiwa kwa mkato: "Ndiyo." "Hapana." "Chumvi hiyo hapo." Halafu mama anageukia dirisha. Watoto wako mbali, kila mmoja na maisha yake. Watu wawili ndani ya nyumba moja, na kila mtu mpweke kivyake! Usiombe yakukute.

"Mama, kuna nini?" aliuliza siku moja.

"Hakuna kitu, baba."

Nyundo akaamua kosa ni la kiti. Nani atapiga soga na mtu aliye nyuma ya kisogo chake? Basi ataunda kiti kingine, ambacho msukumaji anatembea ubavuni, sambamba na aliyekaa, wakitazamana. Akakata bomba, akalipinda, akalichomelea pembeni liwe mkono wa kusukumia. Akapakia mfuko wa saruji ajaribu. Lo! Kiti kikajigeuza, kikarudi kumgonga yeye mwenyewe miguuni. Wenzake karakanani walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Mzee, hicho ni kiti au pia ya watoto?" mmoja akapaza sauti. Karakanani kila mtu alimpigia Nyundo kelele, naye alidhani ni kwa sababu ya mashine.

Hakukata tamaa. Aliyaunganisha magurudumu ya nyuma kwa ekseli moja yazunguke pamoja, na ya mbele akayafunga yasiyumbe. Kwenye kona ilibidi akiinue kidogo kwa mbele, lakini barabarani kilinyooka vizuri. Alitamani mno kusikia tena umbea wa mkewe, hata ule wa zamani.

Jioni wakatoka. Mama amenuna, mzee yuko ubavuni, jicho moja njiani na jingine kwa mkewe. Walipofika kwenye duka la dawa, akaona midomo ya mama inacheza.

"Huyu mwenye duka naye bado hajaliondoa bati lake hapa njiani. Nilikwambia litamkata mtu."

Nyundo akasimama. "Uliniambia lini?"

"Mara ngapi! Nilikuwa nakwambia hili na lile, wewe kimya. Mwisho nikaona najidhalilisha, nikaacha."

"Sikusikia, mama. Haki ya Mungu, sikusikia."

Mama akamtazama usoni. Kisha akaufunika mdomo wake kwa kiganja. Nyundo aliona mashavu yakitikisika na macho yakijaa machozi. Sauti hakuisikia. Pikipiki zilipita, watu walipita, naye akainama karibu zaidi, akasubiri, kisha akajigusa sikio.

"Umesema nini?"

Mama akaondoa mkono.

"Nimekuuliza kama umenichoka," alisema. "Nilikuuliza hivyo hivyo wiki ile ya kwanza ulipoanza kunisukuma. Nikasubiri useme hapana. Ukaendelea kusukuma."