Siku Niliyobebwa kwa Ingobyi Mbele ya Baba Mkwe

Nitawasimulia, lakini mkicheka chekeni taratibu, maana baadhi ya waliokuwepo siku ile bado nakutana nao njia ya sokoni na bado wananiuliza kama miguu imepona.

Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa karani hapa Gisenyi, nimerudi kutoka Tanzania nilikozaliwa, kitambi kimeanza kuchungulia, na nilikuwa nampenda Vestine. Baba yake, fundi cherehani wa Goma, hakuwa na neno baya juu yangu isipokuwa moja: alisema makarani ni watu legelege. Mzee huyo mpira ulikuwa ugonjwa wake, kwa hiyo aliposikia nimekuwa kipa wa timu ya ofisi yetu, akasema atavuka mpaka pale Grande Barrière siku tutakayocheza na wafanyabiashara wa mpakani, anitazame kwanza kwa macho yake, halafu ndipo aseme kama tulete posa au tusilete.

Kocha wetu, Muzee Gaspard, alikuwa na kijiti alichokichora mistari. Unaweka vidole wazi, yeye anakishika kwa juu, anakiachia bila kukuambia, wewe unakidaka. Wiki ya kwanza nilikuwa nafumba vidole kijiti kikiwa kimeshafika kwenye kiatu. Lakini baada ya miezi miwili ya kukimbia ufukweni alfajiri, kuruka kamba na kupigiwa mipira ya karibu karibu, nikawa nakidaka kwenye mstari wa tatu bila hata kufikiri, mkono unajua kazi yake wenyewe, na ngazi za ofisini napanda bila kuhema. Nilijiona sana, sifichi.

Mechi ilikuwa Jumapili. Ijumaa kocha akasema kesho yake hakuna mazoezi, kila mtu apumzike, kisha akanivuta pembeni (sijui alisoma nini usoni kwangu).

"We kesho usikimbie. Mwili inajifunza wakati inalala. Umesikia?"

Nikasema nimesikia, muzee. Na kweli nilisikia, ila Jumamosi nilipoamka nikajiambia kama miezi miwili imenifikisha hapa, siku moja ya nyongeza si itanifikisha mbali zaidi? Nikakimbia hadi Rubona kwa ile barabara ya kupanda na kushuka kando ya ziwa, bandarini wavuvi wakanisifu, sifa zikanipanda kichwani, nikarudi mjini na kugeuka tena hadi Rubona, makonda wa minibasi wananiita nipande na mimi nawapungia mkono, na jioni nikamalizia kwa kuruka kamba. Jumapili nilitoka kitandani kwa kushika ukuta.

Uwanjani nikamkuta baba Vestine ameshafika, amevaa suti aliyojishonea, watu wamemzunguka. Hapo ningekaa kimya tu. Badala yake nikamwomba kocha alete kijiti, mzee aone nilivyo mwepesi. Kikaachiwa, kikaanguka. Mara ya pili kikaanguka. Mara ya tatu nilikiona vizuri kabisa kikishuka, nikakiagiza kidole, kidole kikachelewa kama karani wa Jumatatu. Baba Vestine akaomba ajaribu na yeye, mtu mwenye wajukuu, akakidaka mara ya kwanza na kukirudisha kwa adabu.

Kocha akaniuliza jana nilifanya nini. Nikasema nililala. Alikuwa tayari kumweka kipa mwingine, mimi nikang'ang'ania, nitamwambiaje mzee wa watu aliyevuka mpaka kwa ajili yangu?

Bao la kwanza niliruka mpira ukiwa umeshatulia wavuni. La pili sikuruka kabisa. Ulipokuja wa tatu nikajirusha kwa nguvu zote zilizobaki, misuli ya mapaja yote mawili ikakaza kwa pamoja, nikabaki chini nimejikunja, si wa kunyooka si wa kusimama. Majirani waliokuwa wakitazama wakakimbia kuleta ingobyi, ile machela ya kusukwa wanayobebea wagonjwa kutoka vilimani, wakanipakia na glavu zangu, na njia ya kutokea uwanjani ilikuwa moja tu, inapita mbele ya baba Vestine. Akawasimamisha.

"Zamani mu ingobyi tulikuwa tunabeba bibi-harusi," akasema pole pole. "Leo ni bwana?"

Uwanja mzima ulicheka, na Vestine akiwemo, nilimwona. Nikamwambia ukweli pale pale nimelala, kwamba jana nilikimbia Rubona mara mbili na kocha nimemdanganya. Mzee akawaambia waendelee kunibeba.

Wiki mbili nzima hakutuma neno, nami nilijua nimempoteza Vestine. Kisha likaja: tulete wazee. Siku ya posa tumekaa pande mbili kama desturi, msemaji wao anamzungusha msemaji wetu kwa maswali ya utani, mara baba Vestine akamnong'oneza msemaji wake kitu, naye akauliza mbele ya ukoo wote:

"Mbele ya kutoa mutoto, tunauliza: huyu kijana, jana alipumzika?"

Msemaji wetu akanigeukia, hajui pa kushika. Desturi inanitaka ninyamaze, lakini nilisimama, nikajibu kwamba nimelala tangu Alhamisi.

Na hadi leo, mke wangu Vestine akiniambia nipumzike, napumzika.