Buibui wa Langoni

Wazee wenzangu hupenda kusema zamani kulikuwa kuzuri. Mimi sisemi. Miaka ya hamsini, enzi za Wabelgiji, niliposhushwa Gisenyi bibi harusi kutoka Usumbura, sikuwa na mama huku, sikuwa na dada, sikuwa hata na shoga wa kunisuka nywele. Kiswahili changu chenyewe watu walikicheka, wakasema naongea kama ninasoma chuoni. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Si mtu mbaya, Mungu amrehemu, hakunipiga, hakuninyima. Ila hakuwepo. Alirudi, akaoga, akala, akalala, akaondoka, na nyumba yetu ya Mbugangari ikabaki na mimi na wadudu.

Na wadudu walijaa! Udongo ule wa mlima wa moto ni mweusi, ukichomeka kijiti kinaota, na kila kinachoota kina mlaji wake. Nyuma ya nyumba nilipanda maharagwe na lengalenga, mchicha wa huku, viwavi wakaonja kabla yangu. Msimu wa mvua siafu walipita ndani kama wenye nyumba. Mume wangu, mwanamume wa kukata kona za milima na shehena mgongoni, akiwaona anapanda juu ya kiti na kuniita nilete majivu. Nilikuwa nacheka mpaka machozi. Nilipenda siku za siafu, maana angalau nyumba ilikuwa na kelele.

Jirani yangu wa upande wa migombani alikuwa muuza samaki, Mkristo, mama wa watoto wengi, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kwake yeye panzi, mende, nyigu, buibui, wote dawa yao ilikuwa moja, ufagio. Akinikuta nambeba buibui kwa jani kumtoa jikoni, anapiga makofi.

"Yoo! We Muswahili, huyo ni mutoto wako?"

"Buibui hauawi," namjibu. "Ana heshima yake."

"Heshima gani? Iko na miguu munane na hakuna kazi!"

Nilimweleza. Sisi tulifundishwa tungali wadogo kwamba Mtume alipojificha pangoni, maadui wakimwinda, buibui alitanda utando mlangoni. Maadui wakafika, wakauona utando mzima, wakasema hapa hajaingia mtu, wakarudi zao. Mama yangu alitusimulia hivyo huku akifagia, na ufagio wake ukifika penye buibui ulimzunguka. Jirani alisikiliza mpaka mwisho, akasema hiyo ni hadisi nzuri, lakini buibui wake yeye hawajamuficha mutu. Akaenda zake sokoni na beseni la samaki kichwani.

Uzio wetu ulikuwa wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe, na lango halikuwa na mlango, pengo tu kati ya miti miwili. Mvua zilipopungua akaja buibui mkubwa wa bustanini, tumbo la manjano lenye mistari, akatanda pale pengoni. Siku za kwanza niliinama nikapita chini. Akaushusha utando, akaupanua, mpaka pengo lote likawa lake. Basi nikaanza kupita nyuma, kwenye migomba ya jirani, kwenda kuteka maji na kurudi. Nani angelihitaji lango? Mume yuko njiani wiki kwa wiki, na mgeni sina. Asiye na mwana aeleke jiwe, na mimi jiwe langu lilikuwa yule buibui. Kila asubuhi nikisha kuswali nilikwenda kumwangalia. "Umeamkaje, mwenzangu?" Hakujibu, lakini alikuwepo.

Mtu mmoja tu nilikuwa namngoja. Siku nilipoolewa mama alinishika mkono, akaniambia, "Nitakuja mwenyewe nione unavyokaa. Nikikuta hukai vizuri, tunarudi wote." Kwetu mke hatoki kwa mumewe kwa miguu yake. Akitoka hivyo amekimbia, na aibu inabaki kwa wazazi. Lakini akija mama yake kumchukua, hilo lina heshima, hakuna wa kufungua mdomo. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Mama akija, naondoka naye. Nguo zangu nilizifunga kwenye kanga, nikazisukuma chini ya kitanda, na sikumwambia mtu.

Alasiri moja niko uani mbele nafagia, nikasikia sauti barabarani. Alikuwa dereva mwenzake mume wangu, anayefanya njia ya Goma na Bukavu.

"Hodi! Mama, we iko?"

"Karibu! Lakini usipite hapo, utavunja utando. Zunguka nyuma."

Alisimama upande wa pili wa utando, akacheka. "Bon. Basi mumerudia kutoka safari!"

"Safari gani?"

"Safari ya we na bwana yako. Mama yako alituambia."

Ufagio ulinitoka mkononi. Nikamuuliza mama yangu amemwonea wapi, naye akanieleza yote pale pale, kwa furaha, kama mtu anayeleta zawadi. Safari yake iliyopita alimbeba mama kutoka Bukavu. Mama alilala kwa mke wake huko Goma, asubuhi akavuka mpaka kuja Gisenyi kunitafuta. Jioni alirudi anameremeta.

"Alisema alipiga hodi tatu, kimya. Anaangalia mulango, utando iko muzima, buibui amekaa katikati. Akasema hapa hakuna mutu amepita siku mingi. Na bibi yangu akamwambia ni kweli, bwana yako iko safari. Basi! Mama akajua bwana amekubeba kwa gari, munatembea wote."

Hodi tatu! Loo! Mama yangu na adabu zake! Hodi tatu, usipojibiwa geuka, ndivyo sheria. Na hodi ya mwanamke, alikuwa akisema, ifike mlangoni, isifike sokoni. Mimi nilikuwa wapi? Nyuma, kwenye maharagwe, nimeinama natoa viwavi, na upepo wa ziwani unavuma. Kuupasua ule utando mwenyewe apite? Thubutu! Angelala nje kwanza. Jirani alikuwa sokoni na samaki wake. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia jirani, nikamkasirikia mume na lori lake, nikamkasirikia na yule mwenye miguu minane, aliyekaa katikati pale kati yangu na mgeni akila inzi.

"Njia yote mupaka Bukavu ni kusimulia tu," dereva akaendelea. "Bwana anayetembea na bibi yake kwa gari, alisema, huyo si bwana, ni baraka. Lori muzima walimupigia vigelegele. Akasema sasa roho yake imetulia. Miguu yake imevimba, safari ya namna hii hawezi tena, lakini haidhuru, ameona."

Ameona! Nilitaka kupiga kelele.

"Kesho ninarudia Bukavu," akasema. "Iko wenzangu wanaenda Usumbura. Tumwambie nini?"

Ningeweza kusema, mwambie sikuwa safarini. Mwambie nilikuwa humu humu ndani ya uzio, peke yangu, aje anichukue. Angekuja. Na miguu ile ile angekuja, ningemjua nani kama simjui mama yangu? Lakini nilimwona amekaa juu ya magunia ya watu, anacheka, anapigiwa vigelegele. Mama alifiwa na mume sisi tungali wadogo, na hata alipokuwa naye hakuwahi kubebwa safari hata mtaa wa pili. Tangu nizaliwe nimemsikia akicheka kwa kuwachekesha wengine. Kwa furaha yake mwenyewe, na kwa ajili yangu, alicheka mara ile tu.

Dereva alikuwa anangoja. Nilikwenda moja kwa moja langoni nikapita, utando ukanipasukia usoni, ukaning'ang'ania kwenye kope.

"Mwambie tumerudi salama," nikamwambia. "Mwambie ilikuwa safari nzuri."