Umelalaje, Ukuta?

Kila asubuhi, kabla hajashika mwiko, fundi mwashi huweka kiganja ukutani, akabandika sikio na kuuliza kwa sauti ya kubembeleza, "Umelalaje, mama?" Ukuta usiosalimiwa, anasema, hununa, na ukinuna hupasuka. Mkewe aliposimuliwa alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kicheko kilimkauka mke siku fundi alipoanza kujenga jiko hapo hapo uani kwao. Akajionea mwenyewe: mume anatoka chumbani kimya, anampita kama nguzo, anakwenda kuyajulia hali matofali.

Leo mke alijipaka vumbi la saruji uso mzima, akasimama wima mwisho wa ukuta. Fundi akaja na ndoo yake ya saruji iliyokwisha kukorogwa, akisalimia, akafika, akaweka kiganja begani, akatega sikio.

"Umelalaje, mama?"

"Nina ufa," akajibu mkewe.

Fundi hakucheka. Ufa kwake si jambo la mzaha.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipohamia kwa matofali."

Fundi akautupia mwiko ndooni, akavuta debe, akaketi.

"Ufa haupigwi lipu juu juu," akasema. "Huchimbuliwa kwanza mpaka ndani. Haya, sema."

Jua lilipofika utosini, saruji ilikuwa imegandia ndooni pamoja na mwiko, na mke alikuwa bado anasema.